Mwaka Tuliomnyima Mama Vibua

Dar es Salaam, 4 Juni 2023

Dada Sada,

Shikamoo. Assalaam aleikum, wewe na Mama na majirani zetu wote wa Mchinga. Sisi huku wazima. Tumbo la Maimuna limeanza kuonekana, na anatapika kila akisikia harufu ya vitunguu, kwa hiyo mpishi wa nyumba hii siku hizi ni mimi. Cheka tu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Mara ya mwisho Mama alikunyang'anya simu akazungumza nami akidhani ni marehemu Baba, akaniuliza nimefika Kilwa saa ngapi na kama zile kanga nimezipata. Tena jambo lenyewe linamhusu yeye, sitaki alisikie nusunusu.

Pale ninapofanya kazi tumeanza utafiti wa wazee wanaosahau. Ubongo wa mtu, dada, sehemu yake kubwa ni mafuta. Mtu akizeeka, zile chembe zinazoulinda ubongo huanza kuchachamaa bila sababu, zikaleta uvimbe mdogomdogo wa ndani ambao hauonekani wala hauumi, lakini unakula kumbukumbu polepole. Wataalamu wengi wanadhani mafuta fulani ya samaki, yanaitwa omega-3, huutuliza uvimbe huo. Wanadhani, sijasema wanajua, ndiyo maana tunapima. Wazee watameza vidonge vya mafuta kila siku kwa mwaka mmoja, na kila miezi mitatu watatolewa damu pale Lindi na kuulizwa maswali ya kumbukumbu.

Nimemwingiza Mama. Fomu nimeijaza mwenyewe, kwa hiyo ukiulizwa chochote sema kila kitu kimo kwenye fomu.

Kuna sharti moja. Kwa muda wote huo asile samaki wa mafuta, yaani vibua, jodari na dagaa. Samaki aina ya changu si neno, hana mafuta mengi. Najua ni gumu kwa nyumba ya mkaanga vibua, lakini mafuta yote atakayoyahitaji yatakuwa kwenye vidonge. Hatapungukiwa na kitu, nakuahidi.

Mdogo wako,
Ridhiwani


Mchinga, 19 Juni 2023

Mdogo wangu Ridhiwani,

Marahaba. Hapa tuko salama. Bi Esha jirani ameozesha mjukuu wake Kilwa Kivinje, tukaenda wanawake gari zima, nimerudi sauti imekauka. Mwambie Maimuna pole, na mwambie pia asivisingizie vitunguu. Kinachomtapisha ni mapishi yako.

Mama anakusalimu. Yaani alikusalimu asubuhi, mchana akaniuliza kama umeshazaliwa. Chumvi anatia mara mbili. Juzi alivaa nguo za harusi saa sita mchana akaelekea bandarini. Lakini mimi ananijua, na usoni bado ni yuleyule, akikutania utacheka.

Sasa hilo sharti lako. Ridhiwani, unaniambia nimnyime mama yetu vibua, mimi ninayewakaanga pale bandarini tangu nina miaka kumi na tisa? Nyumba nzima inanuka vibua, nguo zangu zinanuka vibua, halafu yeye apakuliwe kisamvu. Na desturi ya hapa unaijua: boti ikifika, mwanamke mzee akija na bakuli lake hatoki mtupu, anapewa kitoweo kwa mkono. Mama hajawahi kukosa kitoweo chake. Ikabidi nimwendee Likwata, nahodha, nikamwambia yeye na wenzake wasimpe tena. Akaniangalia kama nimemtusi.

"Bi Kazija nimnyime kitoweo mimi? Si ndiye aliyenikata kitovu?"

Nikamwambia ni amri ya daktari. Akasema haya, lakini dhambi yake ibebe wewe.

Nimeibeba. Wewe ndiye uliyesoma, na kama mwaka mmoja wa kisamvu utamrudishia Mama akili zake, nitamla kibua kwa macho pamoja naye. Mimi mwenyewe nimeacha kuwala mbele yake. Vidonge ulivyotupa siku ile ya Lindi anameza viwili asubuhi, viwili jioni, na bismillahi.

Dada yako asiyeweza kukukatalia,
Sada


Mchinga, 2 Oktoba 2023

Ridhiwani,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hawajambo wote, mnazi wa nyuma ya jiko umeanguka, haukumpiga mtu. Barua yangu ya Agosti hukuijibu. Siku ya kliniki Lindi ulitupokea vizuri, ukatupitisha upande mpaka chumba cha damu hatukukaa foleni, nikajisikia mtu na watu wangu. Lakini hukufika nyumbani hata kunywa maji. Haya, kazi.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na sina wa kumwambia.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka bandarini nikamkuta Mama hayupo uani. Nikamtafuta, nikamwona nyuma ya banda la kuni, amenipa mgongo. Pindo la kanga yake lilikuwa limelowa mafuta. Alikuwa ameficha kibua humo, mmoja wa wale wangu wa kukaanga, na alikuwa anatafuna haraka haraka kama mwizi. Nikamwambia toa. Akafumba mdomo. Ridhiwani, nilimshika taya nikamtia kidole mdomoni nikautoa mnofu, kama anavyotolewa mtoto aliyekula mchanga. Bi Esha alikuwa mlangoni kwake anatazama.

Mama akalia. Hakupiga kelele, machozi tu. Akaniuliza, "Nimekukosea nini mwanangu hata unanitoa tonge mdomoni?"

Nikamwambia si mimi Mama, ni Ridhiwani aliyekataza, ndiyo dawa yako. Akafuta macho. Akasema, "Ah, kama ni Ridhiwani basi sawa." Tangu siku hiyo ndivyo ninavyomwambia kila akinyoosha mkono, na jina lako linamtuliza.

Lakini mimi siwezi kutulia. Pale bandarini wanawake wanasema, muuza vibua anamnyima mamake kibua. Wanalisema nikiwa palepale, ili nisikie. Na Mama simwoni akipata nafuu. Siku nyingine ananiita jina la shangazi. Niambie ukweli, hii dawa inafanya kazi?

Dada yako,
Sada


Dar es Salaam, 11 Novemba 2023

Dada Sada,

Shikamoo. Habari njema kwanza: Maimuna amejifungua mtoto wa kike, mzima, kilo tatu na robo, na tumemwita Kazija. Mwambie Mama amepata somo yake. Na nisamehe kwa ukimya, usingizi umekuwa hadithi.

Lile la kanga limeniumiza. Usijilaumu, ulikuwa unamlinda. Mambo ya ubongo hayaendi haraka, dada, na hao wanawake wa bandarini hawajui unachokifanya. Imebaki miezi saba. Nitawapokea tena kliniki ya Desemba, na Idi inayokuja nitakuja nyumbani, mimi na Maimuna na mtoto.

Endelea hivyohivyo, usilegeze.

Mdogo wako,
Ridhiwani


Mchinga, 8 Machi 2024

Ridhiwani,

Mfungo unakaribia, Mungu atufikishe. Mtoto mbusu. Mama nilimwambia amepata somo, akacheka akasema, "Kazija si ndiye mimi, nimezaliwa tena?" Huo ndio mzaha wa mwisho niliousikia kwake. Siku hizi ananiita "mama wewe", kama anavyomwita mpita njia.

Juzi tulikwenda kliniki. Safari hii hukuwepo. Basi tulikaa foleni kama watu wengine, na nimeshukuru, maana nisingekaa nisingejua.

Muuguzi alitoka na karatasi akaita, "Kazija binti Pazi, wa Rutamba." Nikamwinua Mama, nikidhani amekosea kusoma. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yetu akageuka kwa furaha. Anaitwa Romana, alimleta baba yake mzee Klementi.

"Nyinyi ni wa Rutamba? Rutamba nyumba ipi? Mbona mimi nimezaliwa palepale misheni na siwajui?"

"Sisi wa Mchinga," nikamwambia.

"Mchinga ya pwani? Hao si walikataa watu wa pwani! Walisema wanataka wa huku juu, Rutamba na Rondo, tusiopata samaki. Mjomba wangu aliyehamia Lindi mjini alikatwa siku ya kwanza, wakasema huyu anakula samaki mno."

Nikamwuliza na nyinyi mmekatazwa samaki? Akacheka.

"Nani atukataze? Walisema kula unavyokula siku zote. Ila huyu baba, ah, akishameza vile vidonge anacheua harufu ya dagaa mpaka paka anamfuata nyuma. Bi mkubwa hacheui?"

Nikamwambia hajacheua hata siku moja.

"Basi atakuwa kwenye zile chupa nyingine. Si walitueleza siku ya kwanza? Nusu yetu mafuta ya samaki, nusu mafuta ya bure tu ya kulinganishia. Wakatuuliza kama tunakubali, tukaweka dole gumba."

Sisi siku ya kwanza tulipokewa na wewe, Ridhiwani. Dole gumba la Mama ulilishika wewe ukalibandika kwenye wino, na mimi nikakuombea dua kwa kumjali mama yako. Hukutuambia habari ya chupa nyingine. Hukutuambia habari ya Rutamba.

Basi niambie sasa. Mama amekuwaje mtu wa Rutamba? Na chupa yake ni ipi?

Dada yako,
Sada


Dar es Salaam, 21 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa Sada,

Shikamoo sana. Idi Mubarak, ingawa imepita, Mungu azikubali funga zetu. Tumesikitika mno kutokuja. Mtoto alishikwa na homa siku mbili kabla, kisha mvua zikaanza, na mvua za mwaka huu umeziona mwenyewe, huku mitaa mingine watu wanahama na magodoro kichwani. Mtoto sasa amepona, ameota meno mawili ya chini, anang'ata kila kitu. Maimuna anakusalimu na anauliza kama bado unamtengenezea ile achari ya maembe. Bi Esha hajambo? Na yule mjukuu wake aliyeolewa Kivinje?

Kuhusu yale uliyoyauliza. Hilo la Rutamba litakuwa ni kosa la makarani, majina ni mengi na huchanganywa. Kuhusu chupa, huo ndio utaratibu wa utafiti wowote, si wetu tu, na nani yuko kwenye chupa ipi hata daktari mkuu hajui. Lengo ni kupata ukweli usio na upendeleo. Nadhani sikukueleza vizuri mwanzoni kwa haraka za siku ile.

Imebaki miezi miwili tu. Nakuomba sana usiongee na huyo Romana wala mtu mwingine juu ya jambo hili, wasije wakavuruga.

Mdogo wako akupendaye,
Ridhiwani


Mchinga, 30 Mei 2024

Ridhiwani,

Barua yako imenifikia jana. Barabara ilikatwa na maji pale Somanga, magari yamelala siku nyingi, hata mzigo wa unga wa hapa kijijini ulikwama. Tuko hai. Bi Esha hajambo, mjukuu wake hajambo, achari ya Maimuna ipo.

Kosa la makarani. Barua yako ya mwaka jana ninayo hapa mbele yangu, nimeifungia kwenye kitambaa pamoja na hati ya shamba, kwa sababu niliithamini. Inasema, "Fomu nimeijaza mwenyewe." Mwandiko wako huo. Makarani wametoka wapi?

Halafu nimefanya utafiti wangu, mimi ambaye sikusoma. Nimechukua vidonge saba vya Mama, nikavitoboa kwa sindano kwenye kikaango cha baridi. Mimi nimepasua samaki miaka thelathini, Ridhiwani. Najua harufu ya ini la papa, ya kibua wa leo na ya kibua wa jana, nikiwa nimefumba macho. Mafuta yale hayanuki kitu. Nikawasha moto, nikakaangia kitunguu. Ni mafuta ya kupikia, haya haya tunayopimiwa dukani kwa kikombe. Mwaka mzima Mama anamezeshwa mafuta ya duka kwa bismillahi, na samaki aliyemzoea tangu anaota meno namtoa mdomoni kwa kidole.

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu, na mimi nikakushukuru.

Sikuulizi kama daktari mkuu anajua. Nakuuliza wewe, uliyenyonya ziwa moja na mimi. Unajua? Na kama unajua, umejua tangu lini?

Vidonge nimeacha kumpa leo.

Sada


Dar es Salaam, 16 Juni 2024

Dada Sada,

Shikamoo. Kesho ni Idi, na sitaki niingie kwenye takbira na jambo hili kifuani, kwa hiyo sitauliza hali ya mvua.

Ndiyo, najua. Nimejua tangu Januari.

Fomu niliijaza mimi. Utafiti ulitaka wazee wasiokula samaki, na Mama ni mtu wa Mchinga, asingepita mlangoni. Nikaandika Rutamba. Nikaandika anakula samaki mara moja kwa mwezi. Kisha nikakuandikia wewe ili uongo wangu uwe kweli, kwa sababu damu ingeonyesha. Sharti la samaki halikuwa la daktari wala la utafiti. Lilikuwa langu.

Niliona Mama anapotea na nikadhani hii ndiyo kamba pekee iliyopo. Nilijua kuna chupa mbili. Nikajiambia Mungu atamweka kwenye chupa nzuri, na nikaona nikikuambia utakataa.

Januari umeme ulikatika siku nne na vidonge vingine vikayeyuka kwa joto kwenye kabati la pale kazini. Nikatumwa kusafisha. Chupa nyingine zilinuka samaki mpaka macho yakaniwasha. Zenye namba ya Mama hazikunuka kitu. Nilisimama pale na kitambaa mkononi sijui kwa muda gani. Ningekupigia simu siku ileile, ukampa kibua jioni yake. Lakini wangeuliza mama wa pwani ameingiaje, na jina langu lilikuwa limeshapelekwa kwa ajili ya masomo ya uzamili. Nikajiambia imebaki miezi mitano tu. Kliniki ya Machi sikuja kwa sababu nisingeweza kukutazama.

Nilimwingiza kwa mapenzi, dada. Nikamwacha humo kwa ajili yangu.

Jana nimemweleza mkuu wangu kila kitu. Jina la Mama limeondolewa na langu pia. Sikuambii ili unihurumie. Na nikuambie ukweli wa mwisho ninaoujua: hakuna ajuaye kama vibua wangemsaidia. Labda angefika hapo alipo vilevile.

Nisamehe.

Ridhiwani


Mchinga, 4 Julai 2024

Ridhiwani,

Nilikaa na barua yako wiki mbili. Niliisoma uani, niliisoma bandarini, mafuta ya kikaango yakaungua.

Unaniambia hakuna ajuaye kama vibua wangemsaidia. Mimi sikutaka vibua wamponye. Nilitaka ale. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho wa Mama kujua anakula nini na anapikiwa na nani, na mimi nimeutumia kumpekua kanga. Ungeniibia shamba ningeshajua la kukufanya. Umenifanya niwe mkono wako, Ridhiwani, wewe umekaa Dar mikono safi.

Siku niliyopokea barua nilikwenda kwa Likwata, nikachagua vibua wawili wazito, bado macho yanang'aa. Nikawabanika, nikawapaka tui zito la nazi na ndimu na pilipili, kama anavyowapenda. Nikaweka sahani mbele yake. Nikamwambia, "Mama, kula, yamekwisha."

Akaitazama. Nilimwona anameza mate. Kisha akachukua kawa akaifunika sahani, akaisogeza kwangu.

"Ridhiwani kasema nisile. Ndiyo dawa yangu."

Nikamwambia Ridhiwani amesema sasa ule. Nikambembeleza, nikalia, nikammegea kipande nikakipeleka mdomoni. Akafumba mdomo vilevile kama siku ile nyuma ya banda. Akaniuliza, "Wewe nani hata uje kunigombanisha na mwanangu?"

Amesahau kuwa Baba amekufa. Amesahau jina langu, mimi ninayemwogesha. Lakini katazo lako analijua kama Alhamdu, kwa sababu mimi ndiye niliyemkaririsha kila siku nikitumia jina lako. Amekonda. Samaki yeyote sasa hagusi, hata changu, hata mchuzi wake, na akiona kawa mezani anasema hii si yangu.

Mimi siwezi kuliondoa. Njoo wewe uliyeliweka, uliondoe kwa mdomo wako.

Sada


Dar es Salaam, 12 Agosti 2024

Dada Sada,

Shikamoo. Nimefika salama. Najua umekasirika kwamba uliporudi kutoka kisimani ulikuta nimeondoka bila kuaga. Nakueleza kilichotokea, kwa sababu hukuwepo na mimi sikuweza kukisema kwa mdomo.

Ulipotoka nilikaa naye mkekani. Nikafunua ile sahani uliyoiacha. Nikamwambia, "Mama, mimi Ridhiwani. Nimekuja kukuambia ule. Lile katazo lilikuwa kosa langu."

Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Akaniambia nikaribie kivuli, jua kali. Nikarudia. Nikamwambia ndimi mwanao wa mwisho, nikamwonyesha kovu la goti, lile la mnazini. Akalipapasa, akanipa pole.

Kisha akanisogelea, akasema polepole, kana kwamba wewe uko karibu unasikia, "Mwanangu Ridhiwani haniongopei mimi. Yuko Dar anasoma. Ukirudi huko ukamwona, mwambie sijagusa hata mmoja. Wananitega sana hapa nyumbani, lakini sijagusa."

Alikuwa anajivunia, dada. Alikuwa ananisubiri nimsifu.

Nikamwambia nitamwambia. Nikachukua mfuko wangu nikatoka.

Nitakuja tena Maulidi, pamoja na Maimuna na mtoto, ukikubali. Nitajaribu tena. Nitakuja na picha zangu za utotoni, labda zitamkumbusha.

Ridhiwani


Mchinga, 25 Agosti 2024

Ridhiwani,

Marahaba. Mama hajambo kidogo, amerudisha nyama mashavuni. Bi Esha amenipa mbinu. Nawatwanga dagaa wakavu mpaka wawe unga laini, nauchekecha, nautia kwenye kunde za nazi. Pua yake haishiki harufu tena, na meno hayana cha kuhisi. Akiniuliza ni nini, namwambia karanga. Jana alisema karanga za mwaka huu zimekuwa tamu, akaomba nimwongezee.

Kwa hiyo na mimi namdanganya sasa. Kila adhuhuri nakaa naye namtazama akimeza nilichomwambia si samaki, na mimi maishani sikuwahi kumdanganya hata kwa shilingi ya pipi. Hilo pia ninalo moyoni juu yako, na sijui lini litatoka. Usiniombe tena samahani kwa barua. Siku nikiwa nayo nitakupa.

Maulidi njooni. Mtoto ni damu yangu na nataka nimbebe, na Maimuna hajanikosea. Nitakutandikia mkeka wako uleule.

Ila picha usilete, na magoti yako usimwonyeshe. Mwambie wewe ni mgeni, baba wa mtoto, umetoka mbali. Kila jioni baada ya magharibi ananyoosha mikono anamwombea dua mwanawe Ridhiwani, anamtaja kwa jina, anasema, "Yule hajawahi kunivunja moyo." Mwachie huyo.

Sada